X Plastaz, Faza Nelly na Swali la Mwenye Dhiki



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wote wa tafakari hii ya juma, Jumapili iliyopita Halmashauri ya Walei ilikaa kikao chake katika ukumbi wetu hapa Mafiga, na ajenda ya mwisho, ile ambayo kwa kawaida hupita bila kutazamwa kwa kuwa kila mmoja ameshaanza kufikiria chakula cha jioni, ndiyo iliyotuweka hadi saa mbili na nusu usiku. Vijana wetu wa VIWAWA waliomba kibali cha kutumia ukumbi siku ya sikukuu yao, na walichotaka kufanya mbele ya wazazi wao ni kughani hip hop. Si kwaya, si ngonjera, wala si lile igizo la mwana mpotevu tuliloliona mara nyingi kiasi kwamba hata ndama aliyenona anaifahamu zamu yake. Hip hop.

Mzee wetu mmoja, ambaye uadilifu wake kila mtu anaujua, alisimama, akavua kofia, akasema: "Baba Paroko, kwa heshima yako, muziki ule ni wa wahuni. Leo wataghani, kesho watavuta." Mama mmoja wa WAWATA akamjibu kwa upole kwamba mwanaye anayeghani hajawahi kuvuta kitu, bali yule anayeimba kwaya ndiye anayemkosesha usingizi. Watu wakacheka, mzee naye akacheka, lakini hakukaa chini. Nami niliomba nipewe juma moja la kufikiri. Jibu langu ni hili, na nawaomba mnivumilie, maana nitalitoa kwa kupitia njia ya mbali kidogo, njia ya Arusha.

Neno hilo "wahuni" lina historia yake. Muziki wa kufokafoka, kama tulivyouita zamani, ulipoingia nchini mwetu mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa muziki wa vijana wachache wa mjini walioweza kupata kanda kutoka ng'ambo, na wengi wao waliiga maneno ya Wamarekani kama yalivyo. Mwaka 1991 kijana Saleh Jabir akathubutu kughani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Kimarekani, na watu wakagundua kwamba lugha yetu, yenye desturi ya vina na mizani tangu karne nyingi, haikuwa mgeni katika sanaa hiyo. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II na baadaye Sugu, akatoa albamu yake "Ni Mimi", na tangu hapo Kiswahili hakikurudi nyuma. Wazazi, walimu, na sisi watu wa Kanisa tusijisahau, tuliwaita wahuni. Sugu aliyeitwa mhuni akawa Mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Joseph Haule, yaani Profesa Jay, akawa Mbunge wa Mikumi, hapa hapa mkoani kwetu, kuanzia 2015 hadi 2020. Sisemi kwamba kuingia bungeni ni cheti cha utakatifu. Hilo mnalijua kuliko mimi.

Karibu mambo hayo yote yalifanyika Dar es Salaam, kwenye studio na redio. Kundi ninalotaka kulizungumzia lilizaliwa mbali na huko. Mwaka 1996 mjini Arusha vijana watatu, Nelly, Ziggy na Gsann, walianzisha kundi wakaliita X Plastaz. Baadaye wakaungana nao wadogo wa familia, Steve na binti aitwaye Diney, na mwimbaji wa Kimasai, Yamat Ole Meipuko, aliyejulikana kama Merege. Mimi kila nilipolisikia jina lao nilikumbuka plasta ya kidonda, na mpaka leo sijaweza kulisikia vingine.

Wapo waliowaita kundi la pembeni, lisilofuata mkondo. Ni kweli hawakufuata. Wakati wenzao wa Dar es Salaam walipokuwa wakianza kuelekea kwenye nyimbo laini za mapenzi, ambazo ndizo zilizouza na ndizo zilizokuja kubeba jina la Bongo Fleva, vijana hawa wa Arusha walibaki na maneno mazito. Kisha wakafanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka: waliichukua sauti ya Kimasai, ile ya koo, inayopanda na kushuka kama mtu anayewaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, wakaiweka katikati ya mdundo wa hip hop. Na waliiweka kama sauti kamili, yenye zamu yake sawa na ya waghani wengine. Pambo husikika mwanzoni na mwishoni tu. Merege alisikika katikati.

Mwaka 2004 albamu yao iitwayo "Maasai Hip Hop" ilitolewa na kampuni ya Out Here Records ya Ujerumani. Mholanzi mmoja mpenzi wa muziki wa Afrika, Thomas Gesthuizen, ndiye aliyekuwa bega kwa bega nao katika kuwafikisha Ulaya, nao wakaimba mbele ya watu ambao hawakuelewa neno hata moja la Kiswahili, achilia mbali Kimasai. Hapa nyumbani hawakupata kamwe umaarufu wa wale wa Dar es Salaam. Nabii hakosi heshima isipokuwa kwao, tunasema. Ila nadhani sababu ilikuwa ya kawaida zaidi: redio zilikuwa Dar es Salaam, na Arusha ni mbali.

Nikiri kwamba jina la albamu hiyo halikunipendeza wakati ule, wala halinipendezi sana leo. Katika kundi zima Mmasai mwenye kuimba Kimasai alikuwa mmoja, lakini jina lililobandikwa kwenye jalada ni la Kimasai, kwa kuwa mtu wa Ulaya hamjui Mtanzania mwingine yeyote anayeweza kumtambua kwa mavazi. Huo ni uuzaji, na mshipi wa shanga umekuwa ukiuzwa kwa namna hiyo kwenye kadi za posta na vinyago vya uwanja wa ndege. Lakini kabla sijawanyoshea kidole, najiuliza ni mara ngapi sisi wenyewe, katika maadhimisho makubwa, tumewavika watoto wetu shuka nyekundu na kuwapa mikuki ya mbao ili wapeleke vipaji altareni, watoto ambao mama zao ni Waluguru na baba zao ni Wapogoro, kwa sababu tu askofu mgeni atakuwapo na wapiga picha watakuwapo. Afadhali X Plastaz. Wao walimpa Mmasai wao kipaza sauti.

Wenye umri wa makamo miongoni mwenu mtakumbuka kwamba tumeshawahi kupita njia hii ya ngoma na altare. Kulikuwa na wakati ambapo ngoma ilikuwa chombo cha shetani, na mkristo aliyecheza ngoma ya jando au ya mavuno huku milimani Uluguru alinyimwa sakramenti mpaka atubu. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania aliandika kitabu kizima mwaka 1963 kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea kwa hoja za kisomi kile ambacho leo kila kigango kinafanya bila kufikiri. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati juu ya Liturujia, na katika namba 119 ukaagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima unayostahili. Ngoma ikaingia kanisani. Wazee walioipinga wakati ule walikuwa watu wema, kama mzee wetu wa Jumapili. Sijasema kwamba hip hop iingie kwenye Misa. Hilo ni jambo jingine na wala hakuna aliyeliomba. Ninachosema ni kwamba chombo hakina dhambi ya asili.

Lakini si kwa ajili ya ngoma na shuka nimewaleta Arusha. Ni kwa ajili ya wimbo mmoja.

Mwaka 2005, nikiwa mwanafunzi wa taalimungu seminarini, mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo na kanda ya nyimbo mchanganyiko, na kati ya hizo ulikuwamo wimbo wa X Plastaz uitwao "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki?" Tuliusikiliza usiku, watano tukiwa tumeinamia redio moja ndogo iliyopunguzwa sauti mpaka ikawa kama mbu. Mlezi mmoja akatukuta. Aliuliza wimbo unaitwaje, tukamwambia, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hilo ni swali la kumfundisha mtu kuiba, akaichukua kanda akaenda nayo. Alikuwa mtu wa sala na simlaumu. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe ningefanya vivyo hivyo.

Siku chache baadaye, darasani, tulifungua Summa ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, sehemu ya pili ya pili, swali la 66, na tulipofika kifungu cha 7 nilimtazama mwenzangu aliyenyang'anywa kanda, naye akanitazama. Maana swali ambalo mtakatifu huyo anajiuliza pale, katika karne ya 13, ni lile lile: je, ni halali kwa mtu kuiba kwa sababu ya dhiki? Na jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba vitu vya dunia vimewekwa na Mungu kwa ajili ya mahitaji ya watu wote. Kwa hiyo pale ambapo dhiki ni dhahiri na ya kufisha, wala hakuna njia nyingine, mtu anayechukua cha mwingine ili aokoe uhai hatendi wizi kwa maana halisi ya neno. Mtaguso ulirudia fundisho hilo mwaka 1965 katika hati ya Gaudium et Spes, namba 69, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalo katika namba 2408. Halikuwa swali la wahuni. Lilikuwa swali la mtihani.

Sasa, wapendwa, msinielewe vibaya, na hasa ninyi vijana msije mkatoka hapa mkisema kwamba Padre ameruhusu. Tomaso anazungumzia uhai na kifo. Simu ya kisasa haimo. Kitabu cha Methali kinalishika jambo hili kwa mikono miwili: sura ya 6 inasema watu hawamdharau mwizi anayeiba kwa njaa, na papo hapo inasema akikamatwa atalipa mara saba. Na katika sura ya 30 kuna yule mwenye hekima anayemwomba Mungu asimpe umaskini wala utajiri. Umaskini anauogopa kwa kuwa anajijua, ataiba. Naipenda sala hiyo kwa sababu ni ya mtu asiyejidanganya.

Na kuna jambo jingine ambalo walimu wangu wa Kilatini wasingeweza kunionyesha, kwa kuwa limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tazameni kineno hicho kidogo "kwa". Nini dhambi kwa mwenye dhiki? Unaweza kukisoma hivi: machoni pa mwenye dhiki, dhambi ni kitu gani? Hapo ndipo mlezi wetu aliposoma, na ndipo mzee wetu anaposoma. Lakini "kwa" huelekea upande wa pili pia, kama tunaposema wema kwa maskini, ukatili kwa watoto. Dhambi ipi inatendwa kwa mwenye dhiki? Nani anaitenda? Mwandishi wa mashairi ya mtaani, ambaye alikuwa akitafuta tu jinsi ya kuyagonganisha maneno mawili yenye "dh", dhambi na dhiki, ametuachia mlango unaofunguka pande mbili. Mimi nilikaa upande mmoja wa mlango huo kwa miaka mingi.

Nitawaeleza lini nilihama. Nilikuwa padre kijana, katika parokia nyingine. Alfajiri moja nilipigiwa simu kwamba kijana wa mtaa wa jirani ameuawa na watu. Mmeshasikia habari za namna hiyo mara nyingi redioni, zikiwa na maneno yale yale: wananchi wenye hasira kali. Alidaiwa kuingia katika banda la kuku. Alikuwa amebatizwa, amepata kipaimara, na kabla ya kuacha shule alikuwa akitumikia altareni. Nilikuwa nikimwona akibeba chetezo kana kwamba amebeba mtoto mchanga. Tulimzika kesho yake. Mimi, kwa kuwa kanisa lilijaa vijana na niliona ni nafasi ya kufundisha, nilihubiri juu ya amri ya saba. Nilisema kwamba njia ya wizi mwisho wake ni huu. Nilisema vizuri, kwa sauti.

Baada ya maziko bibi yake, aliyemlea, alinifuata nikiwa navua stola. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema: "Baba, umetusomea ya saba. Ile ya tano mbona hukuisoma?"

Sikuwa na jibu. Waliompiga walikuwamo kanisani, au kama si wao ni ndugu zao na majirani zao, na wote tulijua. Kuku hawakuzidi wawili. Na Jumapili iliyofuata watu walipanga foleni ya Komunyo kama kawaida. Juu ya kiti cha kitubio padre hana ruhusa ya kusema lolote, wala sitasema. Nasema tu kuhusu mimbari, ambayo ni yangu. Kutoka mimbarini pale mwenye dhiki aliyekufa alihukumiwa, na wenye mawe wakaenda nyumbani bila kusumbuliwa. Usiku ule wimbo uliochukuliwa seminarini ulinirudia, na kwa mara ya kwanza niliusoma jina lake kwa upande ule wa pili.

Inanibidi sasa niseme jinsi Nelly alivyoondoka. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi, na jina lake la sanaa lilikuwa Faza Nelly. Faza! Ninyi mnaotuita "Fadha" mtaani mnaweza kufikiri jinsi jina hilo lilivyotuchekesha seminarini. Mmoja wetu alisema kwamba kijana wa Arusha amepewa daraja kabla yetu sisi tunaosota na Kigiriki. Kwa lugha ya vijana faza ni mkubwa wa genge, yule ambaye wengine husubiri neno lake. Lakini nimewahi kufikiri kwamba hakulikosea jina. Mtu anayewakusanya wadogo wa familia na Mmasai mmoja, akawafundisha kusimama mbele ya watu na kusema maneno yenye maana, akawapeleka mpaka Ulaya na kuwarudisha, amefanya sehemu ya kazi ya baba. Mwinjili Mathayo ametuonya katika sura ya 23 tusiwe wepesi wa kuitana baba, na onyo hilo hatupewi na Bwana kwa ajili ya wanamuziki, tunapewa sisi.

Faza Nelly aliuawa mjini Arusha mwaka 2006, miaka miwili tu baada ya albamu. Habari ilitufikia seminarini kwa simu ya mtu. Yule mwenzetu wa kanda aliandika jina lake kwenye karatasi ya nia za Misa, akaandika "Nelly wa Arusha" tu, na mlezi yule yule, bila kujua au huenda kwa kujua, akalisoma altareni.

Wenyeji wa Mafiga hawahitaji kufundishwa maana ya mafiga. Ni mawe matatu ya jikoni, na wahenga walishasema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mimi naongeza kwamba hata mawili yaliyobaki humwaga mboga. Ndivyo ilivyokuwa kwa kundi hilo. Walikuwa watatu tangu mwanzo. Waliobaki waliendelea kwa namna moja au nyingine, na mwaka 2009 Gsann alisimama katika tuzo za hip hop za BET nchini Marekani, katikati ya waghani wa Kimarekani, akaghani kwa Kiswahili. Fikirini jambo hilo. Mwaka 1991 kijana wetu alichukua mdundo wao akauwekea Kiswahili. Miaka 18 baadaye kijana wetu mwingine alikipeleka Kiswahili nyumbani kwa wenye mdundo, na hakuomba radhi wala kutafsiri. Kwangu hilo ni kubwa kuliko albamu. Lakini kundi kama kundi, kile chungu, halikukaa tena sawasawa juu ya moto.

Mtaniuliza, Arusha ni Arusha, sisi Morogoro inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa kuwa mji huu haujawahi kuwa mgeni wa muziki. Kabla ya vijana hawa kuzaliwa, Salum Abdallah na Cuban Marimba walitamba hapa, na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band walitumwa mpaka Osaka, Japani, kuliwakilisha taifa katika maonyesho ya mwaka 1970. Mbaraka naye aliitwa mhuni na baba wa familia nyingi ambazo leo zinalia zikisikia gitaa lake. Alifariki katika ajali nchini Kenya mwaka 1979, na tangu hapo ndiye fahari yetu. Tunawapenda wanamuziki wetu wakishazikwa.

Na katika kizazi kilichofuata alitoka hapa Selemani Msindi, Afande Sele, aliyetwaa taji la Mfalme wa Rymes mwaka 2004, mwaka ule ule wa albamu ya X Plastaz. Pamoja na vijana wenzake wa hapa aliifanya Morogoro isikike bila kuhamia Dar es Salaam, na katika wimbo wake "Mtazamo", aliouimba na Solo Thang na Profesa Jay, aliwashughulisha watu na jambo la kufikiri badala ya la kucheza. Mwaka 2015 aligombea ubunge wa Morogoro Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, akashindwa. Siafikiani naye katika mambo kadhaa ya imani, naye hafichi kwamba haafikiani nasi. Lakini nikitaka kujua vijana wa Mafiga, Mafisa na Kihonda walikuwa wakifikiri nini mwaka 2004, nitawasikiliza yeye na wenzake kabla ya kufungua kumbukumbu za vikao vyetu, ambavyo mwaka huo, nimeangalia, vilijadili zaidi mabati.

Kwa nini walikuwa wakifikiri hivyo? Wazee mnakumbuka mji huu ulipokuwa mji wa viwanda. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze viatu hadi Ulaya, hakikuwahi hata kukaribia uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990. Vingine navyo vikafungwa au kuuzwa, na baba waliokuwa wakitoka asubuhi na kadi ya kazi wakawa wanatoka asubuhi bila kujua wanakwenda wapi. Watoto waliowaona baba zao katika hali hiyo ndio walioshika kalamu na daftari wakaandika mistari. Dhiki waliyoighani hawakuikopa Marekani pamoja na mdundo. Ilikuwa nyumbani.

Basi, nirudi ukumbini. Mzee wangu, unajua nakuheshimu, na hofu yako si ya bure. Bangi ipo, nami nimewatoa vijana wawili polisi mwaka huu. Lakini bangi haikuletwa na mashairi, na ukumbi uliofungwa haujawahi kumzuia mtu kuvuta. Kibali nimekitoa. Vijana watakuwa na ukumbi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, si zaidi, maana majirani nao ni binadamu. Vipaza sauti viwili vya kwaya watavitumia kwa sharti kwamba mwenyekiti wa kwaya avikabidhi na kuvipokea mwenyewe. Matusi hapana. Mashairi yao nitayasoma kabla, ila si kwa kalamu nyekundu. Nataka kujua wanauliza nini. Na wakiuliza jambo ambalo sina jibu lake, nitawaomba walighani hivyo hivyo.

Aliyeanzisha ombi hili ni kijana wa bodaboda wa kituo cha sokoni. Alhamisi alikuja ofisini akanipa karatasi mbili za daftari, zimekunjwa mara nne na zina alama ya mafuta ya pikipiki. Ubeti wa kwanza unawahusu kuku. Nilimwuliza amesikia wapi habari ile. Akasema, "Habari gani, Padre?" Nikamwambia aendelee tu kuandika.

Mzee wetu nimemwekea kiti cha mbele, karibu na mlango, ili akichoka aweze kutoka bila kuwasumbua watu. Ameniambia atakuja na redio yake ya zamani yenye kanda za Mbaraka, wasikilize nao wakati wa mapumziko.